Elimu ya Jumla katika Shahada ya Kwanza: Masharti, Malengo na Nani wa Kuyabeba

Kila shahada ya kwanza ina sehemu mbili. Moja ni fani aliyoiomba mwanafunzi: sheria, uhandisi, kilimo, ualimu, uhasibu. Nyingine ni kozi ambazo chuo kinamdai kila mwanafunzi azisome na kuzifaulu, fani yake iwe yoyote. Sehemu hii ya pili huitwa elimu ya jumla, na kanuni zinazoilazimisha ndizo masharti yake. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanafunzi hukutana nayo katika kozi za Taaluma za Maendeleo, ambazo wote huziita DS, na za Stadi za Mawasiliano. Vyuo vya Kenya huziita kozi za pamoja, na orodha yao ni ndefu kidogo. Marekani ndiko ilikopanuka kuliko kwingine kokote. Shahada ya kawaida huko ni krediti 120, na sheria ya jimbo la Texas, kwa mfano, inavitaka vyuo vya umma vitenge krediti 42 kati ya hizo kwa masomo ya jumla, zikiwamo 6 za historia ya Marekani na 6 za serikali na siasa. Zaidi ya theluthi ya shahada hutumika nje ya fani.

Masharti na malengo ni vitu viwili, ingawa vitabu vya mwongozo vya vyuo huvichanganya mara kwa mara. Sharti husema mwanafunzi apite wapi: asome kozi hii, akusanye krediti kadhaa kutoka kitivo kile. Lengo la kujifunza husema atoke akiweza nini: apime hoja pamoja na ushahidi wake, aandike ripoti itakayoeleweka kwa asiye mtaalamu, asome jedwali la takwimu bila kudanganywa nalo, ajue jamii yake ilifikaje hapa ilipo. Chuo kinaweza kuwa na masharti mengi yasiyo na lengo, na kinaweza kuandika malengo mazuri ambayo hakuna kozi inayoyabeba. Kasoro zote mbili ni za kawaida, na kwa kiasi kikubwa zina chanzo kimoja: vikao vya seneti hutumia miaka kubishania orodha ya kozi, na muda mfupi sana kuamua nani atazifundisha, kwa kundi la watu wangapi, na atapimaje kwamba mwanafunzi ameiva.

Ubishi juu ya orodha ni wa zamani. Hadi katikati ya karne ya 19 vyuo vya Marekani havikuwa na swali la elimu ya jumla, kwa kuwa karibu kila mwanafunzi alisoma mtaala ule ule wa Kilatini, Kigiriki, hisabati na falsafa ya maadili. Ripoti ya Yale ya mwaka 1828 iliutetea mtaala huo kwa hoja ambayo bado inasikika katika mikutano ya vitivo: kwamba kazi ya kwanza ya chuo ni kuizoeza akili kufikiri, na maarifa ya kazi maalumu yaje baadaye. Charles W. Eliot, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliivunja desturi hiyo. Alimwachia mwanafunzi achague, na mwishoni mwa karne kozi za lazima zikawa zimebaki chache mno, uandishi wa Kiingereza ukiwa miongoni mwazo. Uhuru huo uliziingiza sayansi na lugha za kisasa katika moyo wa chuo, faida isiyopaswa kubezwa. Lakini pia uliwaruhusu wanafunzi kuokota kozi nyepesi za utangulizi mpaka siku ya kuhitimu. Mrithi wake, Abbott Lawrence Lowell, akaweka utaratibu ambao hadi leo ndio uti wa mgongo wa shahada ya Kimarekani: mwanafunzi achimbe fani moja kwa kina, na kozi nyingine azitawanye katika makundi ya maarifa aliyopangiwa.

Kutawanya ni rahisi kuendesha, na urahisi huo ndio unaoleta udhaifu wake. Idara haihitaji kutunga kozi mpya. Inafungua tu kozi zake za utangulizi kwa wageni. Mwanafunzi wa historia huingia kozi ya kwanza ya kemia, iliyotungwa kumwandaa mkemia kwa mwaka wa pili, akajifunza kusawazisha milinganyo ambayo hatakutana nayo tena, na akatoka bila kujua wanasayansi huamuaje kwamba jambo fulani ni kweli. Sharti limetimizwa, lengo halikuguswa.

Columbia ilichagua njia nyingine. Mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha punde, ilianzisha kozi moja ya ustaarabu wa kisasa kwa wanafunzi wake wote, na mwaka 1937 ikaongeza ya fasihi. Zote mbili zinafundishwa mpaka leo, katika vikundi vidogo vya majadiliano juu ya maandishi yale yale. Wa fizikia na wa ushairi wanakuwa wamesoma kitu kimoja na wanaweza kubishana juu yake. Swali lililoziandama kozi hizo ni nani aliyeyachagua maandishi, maana kwa miongo mingi waandishi wake walikuwa karibu wote wanaume wa Ulaya. Harvard nayo ilitoa ripoti mwaka 1945, vita ya pili ikielekea mwisho, ikidai kwamba jamii huru inahitaji raia wenye msingi wa pamoja wa elimu. Brown ikaenda kinyume kabisa: tangu 1969 haina orodha ya masomo ya jumla, na mwanafunzi hujipangia mwenyewe kwa msaada wa mshauri. Utaratibu wa sasa wa Harvard, ulioanza 2019, unachanganya njia hizi. Kuna kozi nne zilizotungwa mahsusi kwa ajili ya wote, kuhusu sanaa na utamaduni, maadili na uraia, historia na jamii, na nafasi ya sayansi na teknolojia katika jamii. Juu yake kuna kutawanya kidogo na sharti la kufikiri kwa kutumia takwimu.

Mfano unaostahili kutazamwa zaidi na vyuo vya sayansi ni MIT, chuo cha ufundi kinachodai kozi nane za sanaa, falsafa, historia na sayansi za jamii kwa kila mwanafunzi, mhandisi akiwemo, na kinachomdai mwanafunzi wa uchumi asome kalkulasi, fizikia, kemia na biolojia. Chuo hicho hakijawahi kuonekana kudhoofika kiufundi kwa sababu ya masharti hayo.

Afrika Mashariki ilianza na desturi tofauti. Tume ya Asquith, katika ripoti yake ya mwaka 1945, ilipendekeza vyuo vya makoloni ya Uingereza vilelewe na Chuo Kikuu cha London, na Makerere, kisha Nairobi na Dar es Salaam, vikaanza kwa kufuata mitaala na kutoa shahada za London. Shahada ya namna hiyo ilikuwa ya miaka mitatu na ya fani tangu siku ya kwanza. Elimu ya jumla ilidhaniwa imekwisha sekondari. Tanzania bado inaishi na dhana hiyo. Kijana akiingia Kidato cha Tano hupangiwa mchepuo wa masomo matatu, PCM (fizikia, kemia na hisabati) au HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au CBG (kemia, biolojia na jiografia), na kwa miaka mingi kilichowaunganisha mwenye fizikia na mwenye historia kilikuwa somo moja dogo la GS, yaani General Studies. Anayefika chuo kikuu kusoma sheria huenda mara ya mwisho aligusa hisabati akiwa Kidato cha Nne, na anayefika kusoma uhandisi huenda hakuandika insha ndefu tangu wakati huo huo.

Kenya iliachana na dhana hiyo mwaka 1985 ilipoanza mfumo wa 8-4-4 na kufuta Kidato cha Tano na cha Sita. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hufanya masomo saba au zaidi kutoka makundi mbalimbali, hivyo huingia chuo akiwa na upana kuliko mwenzake wa Tanzania, na kina pungufu. Shahada nyingi zikaongezwa kutoka miaka mitatu hadi minne ili kufidia. Tofauti hii husahaulika pale chuo kimoja kinaponakili kozi za jumla za kingine: kiasi na aina ya elimu ya jumla inayofaa chuoni hutegemea kilichotangulia sekondari. Hong Kong ililielewa hilo. Mwaka 2012 ilipofupisha sekondari kwa mwaka mmoja, ilirefusha shahada kutoka miaka mitatu hadi minne, na vyuo vikatumia sehemu ya nafasi hiyo kujenga elimu ya jumla ambayo havikuwa nayo. Nigeria ilitangulia zaidi: Chuo Kikuu cha Nigeria kule Nsukka, kilichofunguliwa 1960 kwa ushirikiano na Michigan State, kilianza na masomo ya jumla kwa wote, na leo kozi hizo, zinazojulikana kwa herufi GST, ni za lazima katika vyuo vya nchi nzima.

Hata hivyo jaribio zito kuliko yote katika ukanda huu lilifanyika Mlimani, kwenye kampasi ya chuo cha Dar es Salaam. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara katika kipindi cha utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza Ikulu, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, Machi ikaja sera ya Elimu ya Kujitegemea, na mwezi huo huo chuo kikaitisha mkutano kujadili nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa. Swali lililokuwa mezani lilikuwa la wazi: msomi anayesomeshwa kwa jasho la mkulima anapaswa kuijua nini nchi yake, hata kama kazi yake itakuwa kupima ardhi au kutibu? Walimu na wanafunzi walibishana kwa miaka kadhaa juu ya kozi ya pamoja iliyotokana na swali hilo. Walter Rodney, aliyefundisha historia hapo hadi 1974 na ambaye kitabu chake juu ya Ulaya na kudumaa kwa Afrika kilitoka 1972, alikuwa miongoni mwa sauti za kipindi hicho. Mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na somo la pamoja likapata wenyewe.

Jaribio hili lina sifa ambayo masharti mengi ya elimu ya jumla duniani hayana: lengo lilitangulia kozi. Walioanzisha walijua wanataka mhitimu wa namna gani, ndipo wakatafuta afundishwe nini. Lina pia hatari yake, na ni lazima itajwe kwa uwazi. Lengo linapotolewa na chama au serikali, mpaka kati ya kuchambua itikadi na kuikariri huwa mwembamba, na mwanafunzi mwerevu hujifunza haraka jibu linalotakiwa. Azimio la Musoma la 1974 lilikwenda mbali zaidi. Lilitaka mtu afanye kazi kwanza, apate na pendekezo la chama na la mwajiri, kabla ya kuingia chuo kikuu. Hilo nalo lilikuwa sharti la elimu ya jumla, ila lilitimizwa kazini badala ya ukumbini. Walimu wa miaka hiyo walipata wanafunzi watu wazima wenye uzoefu wa maisha. Lakini idadi ya wanawake ilishuka, ikabidi wao wasamehewe, na baadaye sharti lenyewe likalegezwa hadi likaisha.

DS ilibaki. Ujamaa ulipoondoka katika sera, mada zake zilibadilika: marekebisho ya uchumi, utandawazi, jinsia, mazingira, UKIMWI. Kisichobadilika kirahisi ni swali la awali la msomi na jamii yake, na kozi inapolipoteza swali hilo hugeuka mkusanyiko wa fasili. Mwanafunzi anayekariri sifa tano za nchi inayoendelea na kuzirudisha kwenye karatasi ya mtihani hajafanya kazi ambayo kozi hiyo ilizaliwa kuifanya.

Kenya inaonyesha namna nyingine orodha inavyokua. Mwaka 1999 UKIMWI ulitangazwa kuwa janga la taifa, na katika miaka iliyofuata vyuo vikaongeza kozi ya lazima kuuhusu. Ajira zilipoadimika, ikaja kozi ya ujasiriamali. Kompyuta zilipoenea, ikaja ya kompyuta. Sasa hoja ipo mezani kuhusu akili unde. Kila nyongeza ina sababu ya kweli. Lakini kozi huongezwa taifa linapoogopa jambo na haiondolewi hofu inapohamia kwingine, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujikuta na vipande visivyoungana. Vyuo vilivyopangwa Kimarekani tangu mwanzo, kama USIU-Africa ya Nairobi, vina nafuu hapa, kwa sababu elimu ya jumla kwao ni programu yenye msimamizi na mapitio, wala haikukusanywa kozi moja moja.

Tangu miaka ya 1990 mkazo wa dunia umehama kutoka kozi kwenda malengo. Mizizi ya lugha inayotumika ni kazi ya mwaka 1956 ya kundi lililoongozwa na Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago, iliyozipanga ngazi za kujifunza kuanzia kukumbuka hadi kutathmini. Mchakato wa Bologna, ulioanza Ulaya mwaka 1999, uliifanya lugha hiyo kuwa ya kiserikali. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iliingiza matokeo ya ujifunzaji katika mfumo wake wa tuzo mwaka 2012, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki likafanya hivyo kwa jumuiya nzima mwaka 2015. Katika mifumo hii krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ikijumlishwa na anayojisomea mwenyewe, na shahada ya miaka mitatu ni angalau krediti 360. Hizo ni saa 3,600, na kila kozi ya jumla inapaswa kueleza inazitumiaje zile zake.

Kuandika lengo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Lengo linalosema kwamba mwanafunzi ataelewa masuala ya maendeleo halina maana kwa mpimaji, kwa sababu hakuna jibu lolote la mtihani linaloweza kuthibitisha au kukanusha kuelewa huko. Linganisha na hili: akipewa takwimu za mavuno na bei za mazao ya mkoa mmoja kwa miaka kumi, mwanafunzi ataandika maelezo mawili tofauti ya mabadiliko yaliyotokea, na kusema ni ushahidi gani zaidi ungehitajika ili kuchagua moja. Lengo la pili linamwambia mwalimu afundishe nini, linamwambia mwanafunzi ajizoeze nini, na mtu wa tatu akiisoma kazi anaweza kusema limefikiwa au la. Ubaya ni kwamba vyuo vingi vilipotakiwa kuandika malengo vilipewa orodha ya vitenzi vya Bloom, na wahadhiri wakabadilisha vitenzi huku mihadhara ikibaki ile ile.

Lengo zito pia halifikiwi katika kozi moja. Fikra tunduizi hazifundishwi muhula wa kwanza zikaisha. Chuo makini huchora ramani: lengo hili linaanzishwa katika kozi ya mwaka wa kwanza, linazoezwa katika kozi mbili za fani mwaka wa pili, na linathibitishwa katika utafiti au mradi wa mwaka wa mwisho. Ramani ya namna hiyo hufichua mapengo haraka. Mara nyingi hugundulika kwamba uandishi unafundishwa mwaka wa kwanza, hauguswi tena, na unadaiwa ghafla mwaka wa mwisho, ambapo wasimamizi hushangaa mwanafunzi hawezi kupanga aya. Chama cha vyuo na vyuo vikuu vya Marekani kilitoa mwaka 2009 vigezo vya kupima malengo ya jumla, kikiwamo cha uandishi, cha fikra tunduizi na cha matumizi ya namba, kila kimoja kikiwa na ngazi nne zilizoelezwa kwa maneno. Walimu wa idara mbalimbali hukaa pamoja na kupima kazi halisi za wanafunzi bila kuangalia alama zilizokwisha kutolewa. Zoezi hilo halihitaji mtihani mpya, na ubishi wa walimu juu ya ngazi moja moja ndio unaowafanya wakubaliane wanatafuta nini.

Yote haya hukwama penye hesabu ya watu. Kozi ya pamoja, kwa maana yake, ina wanafunzi wengi kuliko nyingine zote. Chukulia darasa la wanafunzi 600. Insha moja ya kurasa nne ikisahihishwa kwa dakika 15, kazi hiyo ni saa 150, karibu wiki nne za mtu mmoja asiyefanya kingine chochote. Insha mbili, na ya kwanza irudishwe ikaandikwe upya, ni saa 450. Kwa kuwa saa hizo hazimo katika mpangilio wa kazi wa mtu yeyote, insha hufutwa na maswali ya kuchagua herufi hushika nafasi yake. Semina zilizopangwa kwa watu 20 huwa za 60. Kozi iliyokusudiwa kufundisha kujenga hoja humalizika bila mwanafunzi kujenga hoja hata moja. Hapa ndipo elimu ya jumla inapokufa, katika nchi tajiri na maskini vilevile, na hakuna mabadiliko ya mtaala yanayoweza kuiokoa kama saa za kusahihisha hazikutengwa.

Hadhi ya mwalimu ni sehemu ya tatizo hilo. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho ya fani yake, na kusimama mbele ya mamia ya wanafunzi wa fani za watu wengine hakumwongezei chochote. Kozi hizi basi huangukia wakufunzi wasaidizi na walimu wa muda. Kuwa na taasisi kamili, yenye wahadhiri, watafiti na shahada za uzamili, ni bahati ya DS ambayo Stadi za Mawasiliano katika vyuo vingi hazina. Njia nyingine ni ya MIT, ambako mwanafunzi lazima apite kozi nne zenye uandishi na uzungumzaji mwingi, mbili za sanaa na sayansi za jamii na mbili ndani ya fani yake. Mwanafizikia hujifunza kuandika kutoka kwa mwanafizikia, na saa za kusahihisha hugawanywa kwa chuo kizima.

Kwa vyuo vya Tanzania na Kenya kuna jambo moja ambalo orodha karibu zote zimeliacha nje. Stadi za Mawasiliano maana yake ni Kiingereza: kuandika insha ya Kiingereza, kunukuu marejeo kwa Kiingereza, kuwasilisha mada kwa Kiingereza. Stadi hizo zinahitajika, kwa kuwa vitabu na mitihani ya chuo ni vya lugha hiyo. Lakini daktari atamweleza mgonjwa wa Tandahimba ugonjwa wake kwa Kiswahili, afisa ugani atazungumza na wakulima kwa Kiswahili, na mhandisi atajibu maswali ya wanakijiji kuhusu njia ya bomba kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, na Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wahitimu wengi hawajawahi kufundishwa kuandika ripoti ya kitaalamu kwa Kiswahili, wala kueleza dhana ya fani yao bila kuegemea maneno ya Kiingereza. Kuzungumza lugha tangu utotoni hakumpi mtu uwezo huo. Unafundishwa na kuzoezwa kama uandishi mwingine wowote. Kama lengo la elimu ya jumla ni mhitimu anayeweza kuitumikia jamii yake, hili ndilo pengo kubwa kuliko yote, na walimu wa kuliziba wapo tayari katika idara na taasisi za Kiswahili za vyuo hivyo hivyo.

Hoja dhidi ya masharti ya jumla husikika zaidi kwa wazazi, waajiri na vitivo vya ufundi. Shahada ni ghali, mkopo utalipwa kwa miaka, muda ni mfupi, na kila saa ya DS ni saa iliyotolewa kwenye fani. Hoja ina uzito pale kozi ya jumla inaporudia ya sekondari. Haina uzito huo dhidi ya malengo yenyewe, kwa sababu taaluma zimekwisha kuyafanya yao. Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, unaotambua shahada za uhandisi kati ya nchi wanachama, umekuja kuweka maadili, mawasiliano, kazi ya pamoja na athari za kazi kwa jamii na mazingira miongoni mwa sifa za mhitimu. Kutokana na hilo wengine husema elimu ya jumla yote iingizwe ndani ya fani. Uandishi na maadili ya kazi vinaweza kuingia humo, na huenda vikafundishwa vizuri zaidi. Lakini fani haina desturi ya kujitazama kutoka nje. Anayejifunza kujenga bwawa hufundishwa ujazo wa maji na uimara wa ukuta. Nani atahamishwa, kwa haki gani, na miradi ya zamani iliacha nini ni maswali ya historia, sheria na siasa, na yanahitaji mwalimu anayeyajua.

Mambo mawili yanavilazimisha vyuo vya ukanda huu kuyapitia masharti hayo sasa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ambamo mwanafunzi aweze kuhama chuo pamoja na krediti zake. Kozi za fani hulinganishwa bila shida kubwa; kozi za jumla zina majina na mada za kila nchi, na ndizo zinazokataliwa kwa urahisi. Zikiandikwa kwa malengo ya uwezo, chuo kinachopokea kitaangalia mwanafunzi anaweza nini, hata kama mifano aliyoisoma ni ya nchi nyingine. La pili ni la Kenya. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia sekondari ya juu mwaka 2026, wakiwa wamegawanywa katika njia tatu, na wanatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Mfumo huo wa 2-6-3-3-3 unarudisha shahada ya miaka mitatu, kwa wanafunzi waliochagua mwelekeo mapema kuliko ndugu zao wa 8-4-4. Watahitaji upana zaidi, na muda wa kuupata utakuwa umepungua kwa mwaka mzima, kwa hiyo kila seneti italazimika kuamua ni kozi zipi za pamoja zifutwe, zipi zihamie ndani ya fani, na zipi zipewe walimu na saa ambazo hazijawahi kupewa.